Wino wa Kuziba Majina Anunue Nani?

(Maelezo yaliyotolewa na ofisi yetu katika semina ya kamati za parokia, Sumbawanga. Tunayachapa hapa kwa ombi la wajumbe ambao hawakuweza kufika.)



Tunajua wengine mmepanda mlima kutoka bondeni, Muze na Milepa, na baridi ya huku juu imewapokea kwa kawaida yake. Wengine mmetoka Laela, Matai na Namanyere na mmeamka kabla ya jogoo. Chai imechelewa kidogo. Tunaomba radhi, itakuja.

Tuliombwa tuzungumze juu ya uwazi na uwajibikaji. Ni maneno ambayo tumeyasema miaka mingi katika semina kama hii, mpaka mengine mnaweza kuyasema wenyewe kabla hatujafungua midomo. Kwa hiyo leo tumeona tuchukue jambo moja tu, tena dogo, ambalo limetusumbua. Mtu anapoomba kuona kumbukumbu za ofisi ya umma, na ndani ya kumbukumbu hizo mna mambo ya watu wengine ambayo si haki yake kuyaona, nani ayazibe? Ayazibe namna gani? Na gharama ya kuyaziba ailipe nani?

Kuna kijiji kimoja hapa uwandani, hatutakitaja. Pampu yao ya maji iliharibika mwanzoni mwa kiangazi, wakati wananchi walikuwa wamechangia mfuko wa maji mwaka mzima. Kina mama wakarudi kuchota kisima cha zamani kule chini, pamoja na ng'ombe. Watu watano, wajumbe wa kamati ya parokia, wakaandika barua kwa uongozi wa mfuko wakiomba nakala ya mapato na matumizi ya mwaka ule. Barua ilikuwa nzuri, yenye tarehe na sahihi zote tano.

Katibu wa mfuko hakuwakatalia. Aliwajibu kwa adabu kwamba daftari lipo, ila ndani yake mna orodha ya kaya zilizosamehewa kuchangia, na mbele ya kila kaya imeandikwa sababu: mjane, kipofu, mgonjwa wa kifua, anatumia dawa. Wote tunajua "anatumia dawa" maana yake nini. Akasema hawezi kuyatoa majina hayo. Mpaka hapo katibu alikuwa sahihi kabisa, na tunasema hivyo bila kusita.

Kisha akaandika gharama. Fotokopi, shilingi 4,000. Kuziba mistari 60, kila mstari shilingi 500, jumla shilingi 30,000.

Wale watano hawakuwa na fedha hiyo. Mmoja aliuza maharage aliyoyaweka kwa ajili ya mbegu, mwingine kuku, na baada ya majuma matatu fedha ikatimia. Wakapewa nakala yao. Walipoihesabu, mistari iliyozibwa katika orodha ya kaya ilikuwa 41. Mistari 19 iliyobaki ilikuwa upande wa matumizi: jina la fundi, jina la duka palipochukuliwa mabomba, na kiasi kilicholipwa. Kwa maneno mengine, walilipa shilingi 9,500 ili wafichwe jambo lile lile walilokwenda kuliuliza.

Na hata ile 41 haikuzibwa vizuri. Katibu alitumia kalamu ya kawaida, akachora juu ya maandishi mara mbili tatu. Mama mmoja alisogea mlangoni penye mwanga, akainua karatasi, na jua likapita. Akasoma jina la jirani yake na sababu iliyoandikwa mbele yake. Aliishusha karatasi, akaikunja, hakusema neno. Lakini waliokuwa nyuma yake nao walikuwa na macho. Jirani yule hakuonekana kisimani kwa muda mrefu baada ya siku ile. Alianza kumtuma mtoto.

Mtaniuliza juu ya jina la fundi. Baadaye tulilisikia likisomwa hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji, bure, bila senti ya mtu. Fundi alikuwa amelipwa kwa haki. Risiti yake ndiyo iliyopotea, na katibu aliogopa kuulizwa, basi akaona wino utamsaidia. Pampu ilitengenezwa mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimeshaanza.

Tumelirefusha jambo hili la kijiji kimoja kwa sababu makosa yote matatu yamo ndani yake: kuziba vibaya kile kinachostahili kuzibwa, kuziba kile kisichostahili, na kumtoza mwombaji kwa vyote viwili. La tatu ndilo linalozaa la pili. Ukimlipa mtu kwa kila mstari anaouficha, umempa sababu ya kuficha mistari mingi. Hata kama ni mwaminifu, mkono utanyooka wenyewe. Na kama si mwaminifu, amepata njia mbili kwa mara moja: ama mwombaji ashindwe kulipa aende zake, ama alipe na apewe karatasi nyeusi.

Tena, yule anayezibiwa jina si mwombaji. Ni mjane, ni mgonjwa, ni mtoto ambaye wala hajui kwamba kuna barua iliyoandikwa. Wajibu wa kumlinda ulimwangukia mtunza daftari siku ile alipoliandika jina lake. Aliyeandika ndiye anayedaiwa. Haiwi haki kwamba deni hilo lilipwe na mwananchi wa kwanza atakayeuliza fedha za maji zimekwenda wapi.

Sasa, ndugu wajumbe, kabla ya kumnyooshea katibu yule kidole, tuwaeleze la kwetu.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu iliandaa taarifa kwa mfadhili kuhusu kaya tulizozisaidia. Tuliweka kila kitu: jina, kijiji, umri, tatizo la kaya na picha. Nakala ya kwanza ilikuwa na makosa ya chapa, tukaisahihisha kwa kalamu pembeni, tukachapa nyingine, na ile ya makosa tukaitupa kwenye boksi la karatasi chakavu. Boksi likatoka, hatukujali lilikwenda wapi. Mmoja wetu akanunua karanga sokoni hapa mjini. Alipofungua kifurushi, akaona mwandiko wake mwenyewe pembeni mwa jina la mtu.

Tulikwenda kwa muuzaji, tukanunua karanga zote na karatasi zote alizokuwa nazo. Taarifa ile ilikuwa na kurasa tisa. Tulipata sita.

Hatukutozwa faini na yeyote, wala hakuna aliyetushtaki. Ila tangu siku ile hatuwezi kusimama mbele yenu na kusema kwamba siri za watu zinavujishwa na ofisi za vijiji peke yake.

Tuje kwenye sheria, kwa ufupi, maana hapa si mahakamani. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016. Inatumika Tanzania Bara. Inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, na mwombaji anatakiwa kujibiwa mapema iwezekanavyo, isizidi siku 30. Sheria hiyo hiyo inataja taarifa zinazoweza kuzuiliwa: za usalama wa taifa, za uchunguzi unaoendelea, za maisha binafsi ya mtu, na nyinginezo. Pia inaruhusu kutoza ada. Jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba sheria haiishii kwa serikali. Inagusa pia taasisi binafsi zilizosajiliwa ambazo zinatumia fedha za umma. Wenye zahanati, hospitali na vyuo vinavyopokea ruzuku ya serikali, tafadhali lisomeni neno hilo mara mbili. Siku moja mwombaji atabisha hodi kwenu, na ninyi ndio mtakaokuwa na kalamu mkononi.

Ya pili ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Kwa sheria hii habari za afya ya mtu na habari za mtoto ni nyeti, zina ulinzi wa pekee, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili. Na tangu zamani zaidi, sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imekwisha kutukataza kutoa siri ya aliyepimwa. Kwa hiyo katibu wetu alikuwa amebanwa pande mbili: sheria moja inamwambia fungua, nyingine inamwambia funika. Hiyo ndiyo hali ya kila mtunza daftari leo, na ni vizuri tumwonee huruma kabla ya kumlaumu.

Wenzetu wamelitatuaje? Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2016, hawaruhusu ada kwa kuleta ombi. Baadaye mwombaji anaweza kutozwa, lakini isizidi gharama halisi ya kutoa nakala na, ikilazimu, kumfikishia. Uganda wana sheria tangu mwaka 2005. Inasema wazi kwamba kumbukumbu ikiwa na sehemu isiyoweza kutolewa, sehemu iliyobaki inayoweza kutenganishwa nayo lazima itolewe. Hilo ni jema sana. Ila kanuni zao za mwaka 2011 ziliweka ada ya shilingi za Uganda 20,000 kwa ombi, na ada hiyo hairudishwi. Kwa mkulima wa kijijini hiyo ni ukuta mlangoni kabla hata hajaingia.

Uingereza ndiko swali letu lilikofika mahakamani lenyewe kama lilivyo. Kwao ofisi za umma zilizo nje ya serikali kuu zinaweza kukataa ombi ikiwa kulitafuta na kulitoa kutazidi pauni 450, na saa ya mtumishi huhesabiwa pauni 25, yaani saa 18. Polisi wa South Yorkshire wakataka muda wa kuziba mambo yasiyoruhusiwa nao uingizwe katika hesabu hiyo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ikasema hapana. Kutafuta, kupata na kutoa taarifa ni kazi moja, kuziba ni nyingine, na hiyo ya kuziba haiingii.

Huko California nako, mji wa Hayward ulitoza chama cha mawakili zaidi ya dola 3,000 ili kupata picha za kamera ambazo polisi wao huvaa kifuani, picha zilizopigwa katika maandamano ya mwaka 2014. Fedha hizo zilikuwa za saa ambazo watumishi walitumia kukata vipande visivyoruhusiwa kuonwa. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka 2020 ikaamuliwa kwamba mwombaji hawezi kubebeshwa gharama hiyo.

Tusiwafiche upande wa pili. Jimbo la Ohio, tangu mwaka 2025, limeruhusu ofisi kutoza hadi dola 75 kwa kila saa moja ya picha za video za polisi, isizidi dola 750 kwa ombi. Na wanazo sababu zao. Kuziba nyuso katika saa moja ya video si sawa na kuchora mistari kwenye karatasi; ni kazi ya siku kadhaa. Pia wapo waombaji wanaoomba kila kitu cha kila mwaka kwa nia ya kuisumbua ofisi tu, na karani akishughulika nao, mwenye shida ya kweli anakaa benchi.

Tumelifikiria hilo kwa uzito, maana hata hapa kwetu makatibu wengi ni watu wa kujitolea. Mtu analima, anachunga, na jioni ndipo anafungua daftari kwa taa. Kumwambia aketi saa nne akiziba majina bila hata ahsante si haki. Lakini dawa yake si kumkamua mwombaji. Kama ombi ni kubwa mno, zungumza naye: unataka mwaka gani, unataka mapato au matumizi? Mara nyingi anataka ukurasa mmoja. Au mkaribishe asomewe pale pale. Na kuna njia ambayo wazee wetu wa vijiji wanaijua kuliko sisi. Mapato na matumizi ya kijiji yanatakiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu kila baada ya miezi mitatu. Pale yanaposomwa kweli, barua za maombi zinapungua zenyewe.

Kama kazi bado ipo, basi ilipwe na mfuko unaotunza daftari. Ni gharama ya kutunza daftari, kama kufuli la kabati.

Sasa namna ya kuziba. Hapa tunaomba makatibu mtusikilize sana, na wengine mkitaka mnaweza kusinzia.

Msizibe kamwe kwenye daftari lenyewe. Daftari ni kumbukumbu, likiharibika limeharibika. Toa fotokopi kwanza. Kwenye fotokopi hiyo ziba kwa maka peni nyeusi au bandika ukanda wa karatasi. Halafu itoe fotokopi tena hiyo iliyozibwa, na hiyo ya pili ndiyo umpe mwombaji. Ile ya kwanza baki nayo kwenye faili. Ukimpa ile ya kwanza, atafanya kama yule mama, atainua kwenye jua. Kabla ya kuitoa, nenda nayo dirishani wewe mwenyewe.

Wenye kompyuta msijione mko salama. Ukipaka rangi nyeusi juu ya maneno kwenye kompyuta, maneno yapo chini yake bado, na kijana yeyote wa stationari anaweza kuyafunua. Chapa karatasi, ziba, kisha piga picha ya karatasi hiyo ndipo uitume.

Msitumie wino mweupe wa kufutia. Wino mweupe unadanganya, kwa sababu msomaji hajui kwamba hapo palikuwa na kitu. Weusi unasema ukweli: hapa pana jambo limefichwa. Na pembeni andika kwa maneno mawili sababu yake, kwa mfano "jina, afya" au "jina, mtoto". Mwishoni andika jumla ya mistari iliyozibwa na uweke sahihi yako. Asiyeridhika atajua aulize nini.

Nini kizibwe? Ugonjwa wa mtu. Jina la mtoto. Jina la mtu aliyeleta malalamiko akiogopa. Na kuna barua ambazo kila mtendaji wa kijiji huku kwetu anazijua, za kumtuhumu mzee fulani, mara nyingi bibi kizee, kwa uchawi. Wenyeji tunajua mji huu jina lake linasemekana kuwa na maana ya "tupa uchawi". Tunacheka tukilisema, lakini wazee wameuawa katika mikoa yetu kwa tuhuma hizo. Jina kwenye barua ya namna hiyo likitoka kwenye faili linaweza kumfikia mwenye panga.

Na nini kisizibwe? Fedha. Kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka, aliyelipwa, alicholipwa, aliyeidhinisha. Aliyepokea fedha ya umma kwa kazi amekubali jina lake lisomwe. Kuna watakaosema mbona walengwa wa TASAF majina yao husomwa kwenye mkutano wa kijiji? Ni kweli, na ni sawa, kwa sababu kijiji chenyewe ndicho kinachothibitisha kwamba kaya hiyo ni masikini kweli na si kaya ya shemeji wa mtu. Jina linasomwa. Lakini hakuna anayepaswa kusimama na kusoma ugonjwa wake.

Hapo ndipo tulipofika kwenye jambo tulilolianza sisi wenyewe baada ya aibu ya karanga. Tulijiuliza, kwa nini sababu iandikwe mstari mmoja na jina? Sasa tuna madaftari mawili. La kwanza lina namba ya kaya, tarehe na fedha. La pili lina namba ya kaya, jina na sababu, nalo linakaa kabatini, ufunguo kwa watu wawili. Mtu akiomba mapato na matumizi tunamtolea kopi ya la kwanza kama lilivyo. Hatuzibi hata neno moja, maana hakuna la kuziba. Karani anatumia muda wa kwenda mashine ya fotokopi na kurudi. Mwombaji analipa karatasi yake, na akishindwa hata hiyo, anakaa kwenye benchi na kusoma.

Tungekuwa na akili hii mapema, kurasa zile tatu zingekuwa namba tupu.

Neno kwa wafadhili wetu, na tunalisema kwa heshima yote, kwa sababu bila ninyi mengi tunayoyaonyesha hapa yasingekuwapo. Ninyi pia ni waombaji wa taarifa. Mnatuomba orodha za walengwa zenye majina, vijiji, dole gumba na picha, na tunaelewa kwa nini: nanyi mna wakaguzi wenu, na huko nyuma wamewahi kuletewa orodha za watu hewa. Lakini orodha ile ikisafiri kwa barua pepe, hatujui itafunguliwa na wangapi. Tunapendekeza tuwaletee namba za kaya na fedha zilizotumika. Majina yabaki hapa, na mkaguzi wenu akija tutamfungulia kabati, atasoma kila jina, atakwenda kijijini kuwaona wenyewe kwa macho, ila hataondoka na daftari wala kulipiga picha. Wawili kati yenu mmeshakubali. Tunawashukuru.

La pili kwenu ni la bajeti. Tunapoandika gharama ya karatasi, wino, kabati lenye kufuli na nusu siku ya karani kwa mwezi, mara nyingi mstari huo hukatwa kwanza, kwa kuwa hauchimbi kisima wala haujengi darasa. Ukikatwa, karani bado ana kazi hiyo. Ndipo anapofikiria shilingi 500 kwa mstari.

Na kwenu ndugu wa kamati za parokia: mkienda kuomba taarifa kijijini au wilayani, andikeni barua, wekeni tarehe, mbaki na nakala. Semeni mnachotaka kwa mwaka na kwa jina la mfuko. Andikeni humo humo kwamba hamhitaji majina ya wagonjwa wala ya watoto. Mtampunguzia katibu nusu ya hofu na nusu ya kazi. Mkitajiwa gharama, ombeni iandikwe mchanganuo wake, karatasi peke yake na mengine peke yake, kisha ombeni stakabadhi. Tumeona mara mbili sasa kwamba gharama ya kuziba hupotea mtu anapoombwa kuiandikia stakabadhi.

Kwenye meza pale mlangoni kuna madaftari mawili mawili yaliyofungwa pamoja kwa kamba, moja jekundu na moja bluu. Jekundu ndilo la kufungiwa kabatini. Kila parokia ichukue jozi moja, mwandikishe jina la parokia yenu kwa karani. Hayauzwi. Semina ijayo mje na la bluu tu, tulipitie pamoja.

Naona chai imefika.